Jinsi ya kuomba kikao na mshauri wa taaluma kupitia mfumo wa masomo mtandaoni

Matokeo ya muhula yakitoka, mlango wa ofisi yangu hapa Dodoma hujaa wanafunzi. Wengi wana swali la dakika kumi, lakini wamelitafutia jibu nusu siku nzima juani. Walio fildi (mafunzo kwa vitendo) Kondoa au Mpwapwa hawafiki kabisa, na hao ndio hunipa wasiwasi, maana sapu moja (mtihani wa marudio) iliyokosa ushauri mapema huweza kugeuka kari (somo la kubeba hadi mwaka unaofuata), na kari kuelekea disko (kuondolewa masomoni). Mfumo uleule unaopakulia notsi na kuwasilishia kazi za nyumbani unaweza kukufikisha kwa mshauri wako ukiwa popote penye mtandao. Utaratibu ni huu.

Anza kwa kuhakikisha umekamilisha usajili wa muhula. Kwa kawaida akaunti ya masomo hufuata usajili, hivyo asiyesajiliwa huishia kulaumu nenosiri bure. Usichanganye pia mifumo miwili: ule wa usajili, unaoonyesha matokeo na masomo uliyochagua, na ule wa masomo, ambako walimu huweka notsi. Ombi la kikao linapita kwenye huu wa pili. Vyuo vingi hutumia Moodle, programu huria iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, kwa hiyo hata kama nembo na rangi ni za chuo chako, vitufe vinafanana. Nenosiri likigoma, nenda dawati la TEHAMA na kitambulisho cha mwanafunzi. Usimwombe mwenzako akuandikie kwa akaunti yake. Ujumbe utafika kwa jina lake.

Ukishaingia, fungua wasifu wako na ukague saa za eneo. Zisome Africa/Dar_es_Salaam. Mfumo ukiandika saa kwa mtindo wa saa 24, 08:00 ni saa mbili asubuhi, na saa nane mchana huandikwa 14:00. Nimewahi kumsubiri mwanafunzi asubuhi nzima, naye akaingia mchana kwa uhakika kabisa kwamba amewahi.

Jina la mshauri wako hubandikwa idarani, au muulize katibu wa idara. Ukishalipata, usikimbilie kuandika. Chukua karatasi kwanza.

Kwenye karatasi hiyo orodhesha kila somo, krediti zake na alama uliyopata. Shahada ya kwanza nchini inahitaji krediti zisizopungua 360, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi, kujisomea kukiwemo. Maana yake somo la krediti 12 ni saa 120 za maisha yako, na lina uzito mkubwa kwenye GPA (wastani wa pointi zako) kuliko lile la krediti 8, kwa sababu pointi za kila somo huzidishwa kwa krediti zake kabla ya kugawanywa. Wanafunzi wengi huja wakililia somo dogo walilofeli, kumbe lililowashusha ni kubwa walilopata C. Ukifanya hesabu hiyo wewe mwenyewe, nusu ya kikao imeshakwisha kabla hatujaonana. Weka alama ya koswaki (kazi na majaribio ya muhula) na ya mtihani wa mwisho kando kando, maana ushauri kwa aliyeangushwa na koswaki si ule wa aliyeangushwa na mtihani.

Sasa fungua sehemu ya ujumbe, tafuta jina la mshauri, na uandike kwa ufupi. Mfano:

"Shikamoo Dokta. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, Shahada ya Uhasibu, namba ya usajili (andika yako). Nina sapu ya Takwimu, krediti 9; koswaki nilipata 24 kati ya 40. Naomba dakika 20 unishauri kama nichukue somo la hiari muhula huu au nilisogeze mbele. Nina nafasi Jumanne saa 8 mchana (14:00) au Alhamisi saa 4 asubuhi (10:00). Matokeo yangu ninayo tayari."

Ombi la namna hii najibu siku ileile. Lile linalosema "Dokta naomba msaada" hunilazimu kuuliza maswali manne kwanza, na wewe unapoteza siku nne. Ikiwa chuo kimeweka kalenda ya miadi ndani ya mfumo, chagua nafasi iliyo wazi kisha bado tuma ujumbe wa sababu.

Jambo moja nakusihi sana: habari za ugonjwa, ujauzito au msiba usiziweke kwenye mjadala wa darasa, ambako kila mwenzako anasoma. Ziandike kwa ujumbe wa faragha peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda taarifa zako, lakini ukishazimwaga mwenyewe mbele ya darasa haziokoteki.

Siku ya kikao, bando likiwa dogo zima kamera na ubaki na sauti. Mtandao ukikatika, endeleza kwa kuandika palepale kwenye ujumbe. Baada ya kikao, siku hiyohiyo, muandikie mshauri mistari mitatu ya mliyokubaliana. Ndiyo kumbukumbu yako akibadilishwa mshauri, au ukiulizwa baadaye nani alikuruhusu kuacha somo.

Zikipita siku tano za kazi bila jibu, mkumbushe mara moja, kisha mwone mkuu wa idara ukiwa na skrinishoti ya ujumbe wenye tarehe. Huko si kumchongea mtu.

Kama mliyokubaliana ni kuahirisha masomo, ujumbe wa mtandaoni hautoshi. Andika barua rasmi kupitia mkuu wa idara, ambatisha vielelezo, na usiondoke chuoni kabla hujapata jibu la maandishi. Mnufaika wa mkopo apite pia dawati la mikopo, kwa kuwa bumu (fedha za kujikimu) hutolewa kwa aliye masomoni. Jibu hilo mwandikie mshauri kwenye mazungumzo yenu, ili siku ya kurudi asianze kukuuliza ulikuwa wapi.