Stresi za foleni: anza na pumzi tano tu

Usianze na mambo kumi, utaacha Jumatano. Chukua kimoja kidogo ukifunge kwenye kitu unachofanya kila siku, mi nilikifunga kwenye daladala ya Mbagala, nikishakaa tu (au nikining'inia, siti ni bahati) kabla sijagusa simu navuta pumzi kwa pua nahesabu hadi 4, naitoa taratibu hadi 6, mara tano. Ile kutoa ndefu ndo inapunguza mapigo ya moyo. Konda apige kelele, we hesabu tu. Ukisahau siku moja kesho endelea. Na stori kwamba tabia inajengeka kwa siku 21 achana nazo, watafiti wa University College London walipata wastani wa siku 66 mpaka tabia ikae, wengine 18, wengine hadi 254.