Kuandaa mlingoti, foromali na tanga la ngalawa ya mashindano

Laza mlingoti chini, uanze na tundu la henza (kamba ya kupandishia na kushushia tanga) kwenye ncha. Henza hukatikia hapo mara nyingi. Pitisha kidole ndani: ukigusa ukingo mkali, usugue kwa msasa hadi uwe mviringo, kisha upake sifa (mafuta ya papa) au mafuta ya nazi. Henza iliyolika usiiunge kwa fundo, kwa sababu fundo litakwama tunduni na tanga litagoma kushuka upepo ukizidi, na hapo ndipo ngalawa hupinduka. Kata kipande kibovu kama kamba ni ndefu vya kutosha. La sivyo, weka mpya.

Foromali (mti unaobeba tanga) ikiwa ya miti miwili iliyounganishwa hulegea kwenye maungio. Fungua kamba zote, usizifunge juu ya zile za zamani. Kamba ya katani ifungwe ikiwa kavu. Ikilowa hujikaza yenyewe. Malizia kwa kugongea kabari nyembamba chini ya kamba.

Kwenye tanga, pembe inayofungwa demani (kamba ya kuongozea tanga) ndiyo huvutwa zaidi, hivyo iongezee kitambaa cha pili. Kiraka kizidi mpasuko kwa sentimita 5 kila upande, kishonwe kwa uzi uliopakwa nta. Tanga la pamba lisikunjwe likiwa bichi, litaoza.