Kabla Hujapeleka Kabrasha la Kupanda Cheo

Saa kumi na nusu jioni nilikuwa steshenari moja jirani na Mnara wa Saa, Moshi mjini, na kurasa 300 na ushei za kutoa kopi na kubaindi. Lilikuwa kabrasha langu la kuomba kupanda cheo chuoni, na mapokezi ya idara yalikuwa yanafungwa saa kumi na moja. Umeme ukakatika. Kijana wa mashine akaniangalia kwa huruma: "Mwalimu, tusubiri tu." Ikabidi ningoje awamu iliyofuata.

TANESCO sikuilaumu. Miaka yote ya uhadhiri wangu sikuwahi kuweka barua hata moja mahali pamoja, vitu vyote nilivikusanya wiki ile ile. Kamati ya upandishaji vyeo haikuoni ukiingia darasani asubuhi. Inasoma ulichoambatisha, basi.

Ngazi zenyewe tunazijua: mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Uhadhiri unadai uzamivu (PhD). Kutoka hapo unapimwa kwa machapisho, ufundishaji na huduma, na kwa kawaida iwe imepita miaka 3 tangu cheo cha mwisho. Marekani asiyepita tathmini ya kupewa ajira ya kudumu kwa kawaida hufunga virago. Kwetu, ukishathibitishwa kazini, mara nyingi unabaki tu palepale, na ndiyo maana watu wanajisahau hadi nywele zinaota mvi. Tafuta mwongozo wa chuo chako, ule unaotumika sasa, siyo nakala aliyokupa mwenzako wa mwaka juzi.

Machapisho ndiyo yenye mitego. Angalia kwanza jarida lenyewe. Likikuandikia barua pepe usiku wa manane, likikuita "mtafiti mashuhuri" na kuahidi kuchapisha ndani ya siku 5, lifute. Jeffrey Beall, mkutubi wa Colorado, aliwahi kuweka orodha ya majarida ya aina hiyo, lakini aliiondoa mtandaoni mwaka 2017, na nakala zinazozunguka zimepitwa na wakati. Uliza maktaba ya chuo chako wanatambua yapi. Majarida ya Kiafrika unaweza kuyaanzia AJOL, tovuti inayoyakusanya pamoja, iliyoanza mwaka 1998, ila kuwemo humo peke yake si tiketi. Na ukishachapishwa, pakua makala yako siku hiyo hiyo, pamoja na ukurasa wa bodi ya wahariri. Moja ya makala zangu ilitoweka pamoja na tovuti ya jarida. Nilibaki na kiungo kisichofunguka.

Halafu hesabu ya waandishi. Mtu wa ushirika pale MoCU, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, anaweza kuandika peke yake akavuna alama zote. Wenzetu wa tiba pale hospitali ya KCMC, au wa maabara pale chuo cha Nelson Mandela, Tengeru, makala moja inaweza kubeba majina 10 na zaidi, na alama hugawanywa. Andikianeni mapema nani kafanya nini: nani alikusanya data, nani alichambua, nani aliandika rasimu. Ukisubiri hadi mwaka wa kuomba, mwandishi wa kwanza yuko masomoni Ubelgiji na simu hapokei.

Jina nalo si dogo. Dada mmoja ninayefanya naye kazi alichapisha kwa jina la baba, akaolewa, akaendelea kwa jina la mume. Kwenye Scopus, hifadhidata ya machapisho ya kitaaluma, akawa watu wawili, kila mmoja na nusu ya kazi zake. Namba ya ORCID, ya kumtambulisha mtafiti, yenye tarakimu 16, inapatikana bure na ingemwokolea miezi ya kuandikiana barua.

Ufundishaji hauna mengi: tathmini za wanafunzi kila muhula, mihtasari ya kozi, na barua kutoka ofisi ya shahada za juu zinazotaja wanafunzi uliowasimamia hadi wakahitimu. Mtumishi wa umma, jaza PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji kazi, kwa wakati. Inachosha, najua.

Huduma kwa jamii ndipo wengi tunapopoteza alama za bure. Nilikwenda Kibosho siku 3 kufundisha AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa utunzaji wa hesabu. Katibu alinishukuru sana, akanipakilia mkungu mzima wa ndizi kwenye gari. Barua sikuomba, niliona aibu, mtu keshakupa ndizi. Nilipoihitaji, katibu alikuwa mwingine na hakuna aliyekumbuka tarehe. Siku hizi naomba barua yenye mhuri kabla sijawasha gari, na ndizi napokea vilevile. Barua za uteuzi kwenye kamati, hata ile ya mahafali, zote faili moja.

Ukiomba uhadhiri mwandamizi kwenda juu, kazi zako hupelekwa kwa wahakiki wa nje, nao wana yao: mmoja anasahihisha mitihani, mwingine yuko likizo. Miezi inapita. Kwa hiyo andaa nakala safi za kielektroniki, zenye majina ya faili yanayoeleweka, siyo "scan0047".

Siku ya kupeleka, nenda asubuhi, na nakala yako mkononi. Mwombe karani aigonge mhuri wa kupokelewa, aandike tarehe na asaini kwenye kitabu cha dispachi mbele yako. Kabrasha langu la awamu ya pili liliwahi kupotea kati ya meza mbili za jengo moja. Nilitoa nakala ile yenye mhuri, wakaendelea nayo.