Kuinua ATV bila kupoteza ulaini wa safari

Wengi wanaoniletea ATV, ile pikipiki ya magurudumu manne ya njia mbovu, inayogonga mawe kwa tumbo wanataka nifunge mabano ya kuinulia (vyuma vya kuongeza kimo) siku hiyohiyo. Mimi huanza na futi ya kupimia. Mara nyingi mashine si fupi. Springi zimelegea, au hazijawahi kurekebishwa zilingane na uzito wa anayeiendesha.

Hatua ya 1: Pima mbonyeo

Weka mashine mahali tambarare, upepo wa tairi ukiwa sawa. Piga jeki chini ya fremu mpaka magurudumu yaning'inie. Pima kutoka katikati ya ekseli kwenda juu wima hadi alama uliyoweka kwenye madigadi. Shusha, panda na mzigo wako wa kawaida, itikise mara mbili tatu itulie, kisha mwenzako apime tena palepale. Tuseme ilikuwa sm 60, sasa ni 54: imebonyea sm 6. Kama mwendo wote wa gurudumu, kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, ni sm 20, hiyo ni asilimia 30, na hapo pazuri. Mimi hutafuta kati ya robo na theluthi. Ikizidi theluthi, tumbo linagonga. Ikipungua robo, gurudumu halina nafasi ya kushuka shimoni, na mgongo wako ndio unaolipa.

Hatua ya 2: Ondoa uchakavu kwanza

Gurudumu likiwa hewani, lishike juu na chini, sukuma na kuvuta. Likicheza, tafuta bolijointi, bushi au bearingi iliyokufa. Shokapu yenye oili kwenye fimbo yake imeshachoka. Usiifungue mwenyewe kama ni ya gesi. Ndani kuna mgandamizo mkubwa.

Hatua ya 3: Kaza springi

Piga brashi nyuzi za shokapu zitoke udongo, kisha zungusha ringi inayobana springi kwa spana ya ndoano, kushoto na kulia sawasawa. Pima upya kila baada ya mizunguko miwili. Hapa watu wengi hukosea: kukaza ringi kunainua mashine, lakini hakuifanyi springi kuwa ngumu zaidi. Ukipata mbonyeo sahihi ukiwa umepanda, halafu ukishuka mashine ikawa karibu haibonyei kabisa, springi ni laini mno kwa uzito wako. Nunua ngumu zaidi, usiendelee kukaza.

Kama shokapu ina skrubu ya kurudi, yaani ya kurekebisha kasi ya shokapu kujinyoosha baada ya kubonyea, ifunge au ifungue mlio mmoja mmoja, ukiandika. Mashine ikikurusha baada ya tuta, inarudi haraka mno.

Hatua ya 4: Tairi

Kutoka tairi ya inchi 25 kwenda 27 unapata inchi moja ya kweli, yaani sm 2.5. Kwa ATV yenye ekseli moja nzima nyuma, hiyo ndiyo njia pekee ya kuinua sehemu ya chini ya ekseli, springi haziisogezi. Kata usukani mpaka mwisho pande zote uone kama tairi inasugua. Tegemea pia mashine kuwa nzito kidogo kuondoka.

Hatua ya 5: Mabano, mwisho kabisa

Niliwahi kupokea mashine iliyoinuliwa sm 5, grisi imetapakaa ndani ya rimu zote nne. Ekseli zilisimama kwa pembe kali hadi raba za jointi zikasagana mikunjo na kupasuka. Basi ukifunga mabano, zungusha kila gurudumu kwa mkono, uangalie mikunjo hiyo kwa tochi. Boliti za bushi za raba zikaze kwa spana ya torki magurudumu yakiwa chini, vinginevyo raba hukaa imejipinda na kuchanika. Rekebisha tairodi, zile fimbo za usukani zinazoshika magurudumu ya mbele, kwa sababu kuinua hubadilisha mwelekeo wa magurudumu ya mbele.

Kumbuka uzito sasa uko juu zaidi. Safari ya kwanza usikatize mteremko kwa ubavu. Nenda taratibu, rudi, kaza tena boliti zote, kisha pima mbonyeo upya.