Kutafuta mayai ya minyoo kwenye kaburi la kale

Mnyoo huoza, ganda la yai lake hudumu. Mwaka 1910 Marc Armand Ruffer alitangaza mayai ya kichocho cha mkojo kwenye figo za maiti wa Misri wa miaka ipatayo 3,000. Kwetu Tanzania, kabla ya kushika mwiko wa kuchimbia, pata kibali cha Idara ya Mambo ya Kale na ridhaa ya ukoo.

Unachokitaka ni udongo wa ndani ya nyonga, juu ya mfupa wa sakramu (ule wa mwisho wa uti wa mgongo, katikati ya nyonga), maana utumbo ulioozea hapo. Chota vijiko viwili vya chai kabla mifupa haijainuliwa. Kisha, kwa mwiko uliooshwa upya, chota pia ndani ya fuvu na miguuni. Wengi huruka sampuli hizi mbili, na kazi nzima inapotea. Kwenye kihamba cha Moshi, yaani shamba la ukoo la Wachaga, kaburi liko migombani: mbolea ya ng'ombe na nguruwe humwagwa juu mwaka hadi mwaka, na maji ya mfereji huizamisha chini. Yai la mchango (mnyoo mviringo wa tumboni) wa nguruwe hulitofautishi na la mtu kwa hadubini. Mayai yakijaa nyongani tu, yalikuwa tumboni mwa marehemu. Yakilingana hadi fuvuni, shuku mbolea.

Yeyusha gramu 5 za trisodiamu fosfeti, chumvi ya maabara, kwenye lita 1 ya maji yaliyokenekwa. Pima gramu 0.2 za udongo, mimina mililita 5 za maji hayo, acha mabonge yalainike. Udongo huchukua saa chache; kinyesi kilichokauka kama jiwe, siku 3. Usiponde, ganda litapasuka! Chuja kwa chekecheke yenye matundu ya mikroni 160 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), halafu ya mikroni 20. Kinachobaki juu ya hii ya pili changanya na gliseroli, tazama kwa ukuzaji wa mara 400.

Yai la mnyoo mjeledi ni kama pipa dogo, mikroni 50 hadi 55, lenye kizibo kila ncha. Vizibo vikishang'oka hubaki matundu mawili. La mchango lina vinundu, na vikichubuka hufanana na chavua, basi lipime. La kichocho cha tumbo lina mwiba ubavuni, la kichocho cha mkojo mwiba uko nchani. Ganda la yai la mnyoo wa safura ni jembamba na huoza upesi, kwa hiyo usiandike kwamba marehemu hakuwa na safura eti kwa kuwa hujaona yai.

Soma slaidi zote. Gramu 0.2 zikiisha, zidisha hesabu kwa 5 upate mayai kwa gramu.