Pima Masikio Yako: Je, Unaisikia Kweli Tofauti ya MP3?

Ukishajua faili unayoisikiliza ni ipi, sikio hufuata macho. Kazi yangu ni kuchanganya muziki, na katika ubishi wa kama MP3, faili iliyobanwa kwa kutupa sehemu ya sauti, husikika tofauti na chanzo chake, naamini jaribio la ABX tu: kulinganisha bila kujua unasikiliza ipi.

Hatua ya 1. Tafuta wimbo ambao haujapoteza kitu: WAV au FLAC iliyotoka kwenye CD, yenye kilobiti 1,411 kwa sekunde kabla ya kubanwa. Usianze na MP3.

Hatua ya 2. Kwa LAME, programu ya kutengeneza MP3, tengeneza nakala ya kilobiti 128 kwa sekunde na nyingine ya 320, kisha zirudishe zote kuwa WAV.

Hatua ya 3. Hapa ndipo majaribio mengi huharibika. Sawazisha ukubwa wa sauti hadi tofauti isizidi desibeli 0.1, kwa sababu faili yenye sauti ya juu kidogo huonekana bora hata kama hujagundua kuwa imezidi. Kisha kuza mchoro wa mawimbi ya sauti kwenye skrini: MP3 huongeza ukimya mfupi mwanzoni. Usipoukata, utaitambua nakala kwa kuchelewa kwake, si kwa ubora wake.

Hatua ya 4. Weka kiongezi cha ABX kwenye foobar2000, programu ya kuchezea muziki. A ni chanzo, B ni nakala, na X ni mojawapo, programu imeificha. Sema ni ipi.

Hatua ya 5. Rudia kipande cha sekunde 5 hadi 10, maana kumbukumbu ya sauti hufutika upesi. Chagua makofi, matoazi au, bora zaidi, kastaneti, vipande viwili vya mbao vinavyogonganishwa mkononi. MP3 hutegemea sauti kubwa kuifunika ndogo. Pigo la ghafla likija baada ya kimya, makosa ya kubana husambaa hadi kabla ya pigo lenyewe, mahali pasipo na kitu cha kuyafunika. Sikiliza mchakacho mwembamba unaolitangulia. Kwenye 128, matoazi nayo hulia kama yamezama majini.

Hatua ya 6. Fanya raundi 16, na usiache katikati kwa sababu matokeo yamekupendeza. Ukipatia 12, bahati tupu ingekufikisha hapo chini ya mara 4 kati ya 100. Ukipatia 9, hujathibitisha chochote.

Anza na 128, ndipo uende 320. Huko, kwa nyimbo nyingi, nami hubaki nikibahatisha. Ukifaulu, rudia kesho kwa wimbo mwingine, masikio yakiwa yamepumzika.