Thunderbird mpya: anza na rangi za akaunti

Kompyuta yangu ya kazini ina RAM ya giga nne na kioo kidogo. Ofisi yetu inatoa mizigo bandarini Dar es Salaam, tuko watu wanne, na asubuhi moja tu huwa tunakuta barua pepe zaidi ya arobaini: wateja, mawakala wa meli, madereva walioko Tunduma wanaotuma picha za hati zilizopigwa kizani. Zote zinaingia kwenye Thunderbird, programu ya kusomea na kutumia barua pepe kwenye kompyuta. Kwa miaka miwili tulibaki na toleo la 115 kwa sababu Mzee, bosi wetu, hataki kompyuta "ichezewe". Nimeihamisha hadi 140, lile lililotoka Julai 2025 kwa jina la Eclipse, na naeleza hapa nilivyofanya, kwa mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza upya leo.

Kwanza ujue uko toleo gani. Kwenye Windows ule mstari wa menyu mara nyingi umefichwa. Bonyeza kitufe cha Alt utatokea. Ingia Help, kisha About Thunderbird. Kama kompyuta yako bado ni Windows 7 au 8, ishia hapo, maana matoleo yaliyofuata 115 yanataka Windows 10 kwenda juu.

Kabla ya kugusa apdeti, nakili folda yako yote ya data, yenye barua na mipangilio. Hapa naomba usiruke, kwa sababu Thunderbird hairudi nyuma kirahisi: toleo jipya likishaigusa folda ya data zako, la zamani linakataa kuifungua na linakuambia utengeneze nyingine tupu. Ingia Help, Troubleshooting Information, tafuta palipoandikwa Profile Folder, bofya Open Folder. Dirisha likifunguka, panda folda moja juu, kisha funga Thunderbird kabisa ndipo unakili. Ukinakili huku programu iko wazi unaweza kupata nakala mbovu na usijue mpaka siku ya kuihitaji.

Mimi nilikwama hapo saa nzima. Flashi yangu ilikuwa na nafasi tele lakini kila nikinakili inagoma katikati, inasema faili ni kubwa mno. Kumbe Thunderbird kwa kawaida huweka barua zote za folda moja ndani ya faili moja, na Inbox yetu ilikuwa imefika giga tano na ushee. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, mtindo wa zamani wa kupanga faili, haipokei faili linalozidi giga nne, hata iwe tupu. Dawa ya kwanza ni kufomati flashi kwa exFAT (hamisha vitu vyako kwanza!). Dawa ya pili ndiyo iliyonishangaza: ukifuta barua, faili halipungui. Barua inaondoka machoni, nafasi yake inabaki. Bofya folda kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Compact, usubiri. Yangu ilishuka hadi giga tatu na kidogo, na ile programu niliyokuwa naisingizia uzee ikaanza kufunguka upesi. Miaka yote hiyo tulikuwa tunabeba BL (hati za shehena) za kontena zilizokwisha toka bandarini zamani.

Nakala ikishakamilika, rudi pale pale About Thunderbird, uiache apdeti ijishushe yenyewe. Fanya hivyo wakati wa bando la usiku kama unatumia modemu.

Sasa vipya vyenyewe. Kishawishi ni kubadilisha kila kitu siku hiyo hiyo. Mimi ningesema anza na kile ambacho kimeshawahi kukutia hasara, na kwangu ni rangi za akaunti. Ofisi ina akaunti tatu: ya maombi ya bei, ya nyaraka, na yangu binafsi ambayo haikutakiwa kuwepo humo lakini ipo. Mwaka juzi nilimjibu mteja mkubwa kwa kumtumia makadirio ya gharama kutoka kwenye akaunti yangu binafsi, ile yenye jina nililolifungua nikiwa chuo. Mteja hakujibu. Siku ya tatu alimpigia Mzee simu kuuliza kama ofisi imeingiliwa na matapeli. Sitasahau namna Mzee alivyonitazama.

Rangi zilikuja na toleo la 128, la mwaka 2024, hivyo kwa sisi tuliotoka 115 ni mpya kabisa. Ingia Account Settings, bofya jina la akaunti, na pembeni ya sehemu ya kuandika jina utaona kidude cha kuchagulia rangi. Nimeweka bluu kwa maombi ya bei, kijani kwa nyaraka, na nyekundu kali kwa yangu binafsi. Rangi inakaa upande wa kushoto kwenye orodha ya folda, lakini faida yake kubwa iko kwenye dirisha la kuandikia: ukifungua pale From, kila anwani inakuja na rangi yake. Nikiona nyekundu wakati naandika kwa mteja, mkono unasimama wenyewe.

La pili ni mpangilio wa folda. Zamani folda zilijipanga kwa alfabeti, utake usitake, ndiyo maana kwetu zilikuwa na majina kama "01 Zinasubiri malipo", "02 Ziko ukaguzi", na moja iliyoitwa "ZZ Zimetoka" ili ikae chini. Katika 140 unaishika folda kwa mausi, unaivuta mpaka mstari mwembamba utokee kati ya folda mbili, unaiachia. Basi. Angalia tu usiiachie juu ya folda nyingine, maana itaingia ndani yake. Nilimtafutia Mzee "Ziko ukaguzi" robo saa nzima, kumbe nilikuwa nimeitumbukiza ndani ya "Zinasubiri malipo". Kuna ukweli wa aina fulani hapo kuhusu kazi yetu, lakini tuendelee.

La tatu ni mwonekano wa orodha, na hapa watu hawaelewani. Kuna kadi na kuna jedwali. Kadi zinaionyesha kila barua kwa mistari kadhaa: aliyetuma, tarehe, kichwa chake. Jedwali ni ule mtindo wa zamani wa mstari mmoja kwa barua moja, na safu unazoweza kuzipanga. Kijana wetu wa fildi aliwasha kadi akafurahi, kesho yake Mzee akafungua akaniita, "Mama Salma, barua zimekwenda wapi?" Hazikwenda popote, kwenye kioo kidogo kadi zinaonyesha barua chache kwa wakati mmoja, na zilikuwa pia zimekunjwa kwa mazungumzo, barua ishirini za kontena moja zikajificha nyuma ya moja. Katika 140 yote mawili yanarekebishwa kwa folda zote kwa mara moja: ingia Settings, kisha Appearance, chagua jedwali, na chini yake chagua barua zisikusanywe. Zamani ilibidi upite folda moja moja. Kwa kazi ya nyaraka sina shaka, jedwali ndilo. Mtu anayepokea barua kumi kwa siku anaweza kuzipenda kadi, simlaumu.

Hali ya giza sasa inaingia hadi ndani ya barua yenyewe, na juu ya barua kuna kitufe cha kuizima kwa barua hiyo tu. Nimeijaribu usiku, inapumzisha macho. Mchana dirisha letu linaangalia jua, naiacha.

Taarifa za barua mpya zinazochomoza pembeni ya kioo sasa ni za Windows yenyewe, na zina vitufe vya kufuta au kuweka alama ya kusomwa papo hapo. Nimekiondoa cha kufuta, kwenye Settings, sehemu ya General. Kidole kikiteleza juu ya arifa ya kufika kwa meli, utaanza kulipia siku za kontena kukaa bandarini.

Mwisho ni kupeleka akaunti kwenye simu. Thunderbird ya Android ilitoka Oktoba 2024, imejengwa juu ya K-9 Mail, programu ya barua pepe ya Android iliyokuwepo kabla yake, na inakubali kupokea akaunti kutoka kwenye kompyuta bila kuandika seva na namba za poti, kazi iliyokuwa inanimalizia Jumamosi. Kwenye kompyuta ingia Tools, kisha Export for Mobile. Weka tiki kwenye akaunti unazotaka, amua kama nenosiri nalo liende, na utaonyeshwa kodi ya QR. Akaunti zikiwa nyingi zinakuja kodi kadhaa. Kwenye simu chagua kuingiza mipangilio, elekeza kamera, skani moja baada ya nyingine. Akaunti za Gmail zitakutaka uingie upya kwenye simu, hilo ni la kawaida.

Ukiweka tiki kwenye nenosiri, basi liko ndani ya ile kodi. Kijana wa fildi alishanyanyua simu ili aipige picha amtumie Mzee kwa WhatsApp, kwa kuwa Mzee alikuwa Kigamboni. Nikafunga dirisha. Mzee alikuja mwenyewe Alhamisi, akafuta kamera yake kwa shati, tukaskani mara mbili, na swali lake la kwanza lilikuwa namna ya kukuza maandishi.